Kibuyu cha Kahawa Juu ya Dungu

Mwaka ule dada yangu alitaka kitu kimoja tu duniani: kihenge chake kijae uwele. Hakutaka kanga mpya, hakutaka ng'ombe wa pili, hakutaka hata mimi nipate cheti, ingawa kwa adabu alisema anataka. Kihenge kijae mpaka mfuniko ukatae kukaa, basi. Kikijaa, angebaki nyumbani kwake. Kisipojaa, angehama.

Mumewe alikuwa amefariki msimu wa mvua uliotangulia, akamwachia mabinti wawili wadogo, ng'ombe mmoja wa maziwa na mashamba mawili nje kidogo ya mji wa Singida. Kwa desturi yetu mjane hakuachwa akae hivi hivi. Ndugu wa marehemu, aliyekuwa na boma lake Ihanja, alikuja baada ya matanga akasema anamchukua yeye na watoto, wakakae kwake pamoja na wake zake wawili. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeingiza vyombo ndani kabla mvua haijanyesha. Dada akamjibu kwamba anaweza kujilisha mwenyewe. Wakabishana siku nzima mbele ya wazee, mwisho wakapatana kwamba mavuno yajayo ndiyo yataamua.

"Shemeji, ukijaza hicho," yule bwana akasema, akikionyesha kihenge kwa fimbo, "mimi hapa nitakuwa mgeni. Nitakuja, nitakula, nitarudi kwangu. Ukishindwa usinililie."

"Sitakulilia," dada akasema. "Nitakupikia."

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, maana nilikuwa nimekwisha jiona mlinzi wa kile kihenge. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na akili ya watu arobaini, kwa hesabu yangu mwenyewe. Mchana nilifanya kazi katika ghala la samli na ngozi la tajiri mmoja mjini, nikiviringisha madebe kutwa. Harufu ya samli ilinishika mpaka mbwa wa Singida nzima walinisindikiza kama msafara wa Gavana. Jioni, saa moja, nilikwenda shule ya watu wazima. Mwalimu wa shule ya mchana alikuwa ameamua kutufundisha Kiingereza na hesabu katika darasa lake, kwa taa ya karabai: matarishi, wapishi wa Wazungu, askari mmoja mstaafu aliyerudi kutoka vitani, na mimi. Mwisho wa mwezi wa nne kungekuwa na mtihani. Atakayefaulu angepata cheti, na mwenye cheti angeweza kuomba ukarani. Nilikwisha jiona nimekaa kwenye kiti chenye mgongo, kaptula nyeupe imepigwa pasi hadi inakata mkate.

Basi nikahamia kwa dada. Tulipatana hivi: yeye atanilisha na kunilaza, na mimi nitaamia ndege, niwafukuze wasile nafaka. Uwele ukianza kukomaa, ndege wadogo wanakuja kwa maelfu, na saa yao ni alfajiri. Dada asingeweza kuwa katika mashamba mawili kwa wakati mmoja. Yeye alishika lile la mtama lililo karibu na nyumba, watoto wakiwa naye. Mimi nilishika la uwele, lile la nyuma ya majabali, lililobeba karibu matumaini yote ya kihenge. Nilitakiwa kuwa juu ya dungu, jukwaa la miti la mlinzi wa shamba, kabla jua halijatoka, niamie mpaka saa tatu kasoro, ndipo yeye aje kunipokea na mimi nikimbie ghalani. Tajiri wetu, Mungu amweke pema, alifungua saa tatu, kwa kuwa alipenda kunywa chai yake mpaka majani yalie.

Ukijumlisha ghala, darasa na dungu, utaona mara moja kilichopungua. Mimi sikuona. Wiki ya pili tu mwalimu aliniita:

"Wewe wa samli. Soma mstari wa tatu."

Nilisimama, nikafungua kitabu, nikafungua kinywa. Jirani yangu, mpishi wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliapa baadaye kwamba nilichotoa kilikuwa mkoromo.

"Huo ni mstari wa ngapi?" mwalimu akauliza.

"Amesoma kitabu kizima, mwalimu," mpishi akasema. "Kwa kifupi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Tulipotoka, yule mpishi akanishika bega. "Ndugu yangu, wewe huna ubongo mbaya, una ubongo uliolala. Twende nikuonyeshe dawa ambayo bwana wangu anakunywa kila asubuhi kabla hajaanza kutukana watu."

Akanipeleka kwenye baraza ya mzee mmoja wa kahawa. Mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa huku, na yeye mwenyewe alisema Kinyaturu, lugha yetu, vizuri kuliko mimi. Alikuwa na birika la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo kama maganda ya mayai ya kwale. Nilikunywa kimoja, chungu kama ulimi wa mama mkwe. Nikanywa cha pili kwa kashata ya karanga. Kesho yake nilikunywa viwili kabla ya darasa, na haki ya Mungu nakuambia, nilisoma mstari wa tatu, wa nne, na mistari ambayo mwalimu hakuniomba. Herufi zilisimama wima kama askari wa kituoni. Niliporudi nyumbani niliendelea kusoma mpaka utambi wa kibatari ukaisha, na alfajiri nilikuwa dunguni wa kwanza, nikipiga kelele mpaka ndege wa Iramba wakabadilisha njia.

Hapo nikajitungia elimu yangu. Nikasema usingizi ni mazoea tu, kama ugoro. Mama zetu walituzoesha tulipokuwa wachanga ili wapate kufanya kazi, na sisi tukakua tukidhani ni lazima. Niliwahubiria hayo wenzangu wa ghalani. Mmoja akaniuliza kwa nini basi ng'ombe nao wanalala. Nikamwambia ng'ombe hawana mtihani.

Vikombe viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane. Jambo la ajabu ni kwamba viwili vya kwanza vilinipa nguvu, lakini baada ya wiki chache vinane vilinirudisha tu pale ambapo zamani nilikuwa bila kikombe chochote. Hilo lingenifumbua macho kama macho yangu yangekuwa na nafasi ya kufumbuka zaidi. Mzee wa kahawa mwenyewe, ambaye nilikuwa nikimnufaisha kuliko msikiti mzima, alianza kunitazama vibaya.

"Kijana, hiki ni kinywaji cha maongezi," aliniambia. "Mtu anakunywa viwili, anasema habari zake, anakwenda kwake. Wewe husemi na mtu. Unakunywa kama ng'ombe aliyefika lamboni."

"Nina mtihani, mzee wangu."

"Naona. Na mikono hiyo inayotetemeka ni ya mtihani pia?"

Nikacheka, nikaficha mikono kwapani. Kesho yake sikwenda barazani kwake. Nilinunua buni dukani, nikazikaanga juu ya kigae cha dada, nikazitwanga, nikachemsha nyumbani. Sikumwaga hata mashapo, niliyachemsha mara ya pili, na mara ya tatu nikayatafuna. Kisha nikahitaji chombo cha kubebea kahawa yangu mpaka dunguni. Hapo nilifanya kosa ambalo kwetu hata mtoto hafanyi: nilichukua kibuyu cha maziwa.

Kibuyu cha maziwa kwetu kina heshima zake. Dada alikifukiza kwa kijinga cha mti maalumu, akakisugua ndani, akakining'iniza peke yake, na hakuna aliyekigusa bila kumwambia. Nilikitumia asubuhi mbili, nikakisuuza kwa maji, nikakirudisha mahali pake nikidhani mimi ni mjanja. Siku ya tatu nilimkuta amesimama mlangoni amekishika shingoni kama kuku.

"Nani ametia lami ndani ya kibuyu changu?"

"Si lami, dada. Ni kahawa."

"Mtoto amekunywa maziwa ya humu jana jioni. Mpaka usiku wa manane anaruka kama mwana-mbuzi, ananiuliza jua liko wapi. Leo wewe ndiye utakayemlaza."

"Nimlaze vipi, dada, mimi mwenyewe silali?"

Nilisema kama utani. Yeye hakucheka. Alisema kibuyu kimekwisha haribika, nichukue kiwe changu.

Nikawa nacho. Ni kweli nilikuwa silali. Nilijilaza, nikafumba macho, na moyo wangu ukaanza kupiga kama ngoma ya mavuno, mara mbili upesi, mara moja kimya, mara tatu upesi, mpaka nikawa naungojea. Nilisikia fisi wa majabalini mmoja mmoja na nikajua nani ana kikohozi. Tumbo liliniwaka kiungulia cha kupikia ugali. Asubuhi ulimi ulikuwa kama kiatu cha askari. Niliwagombeza watoto kwa kupumua. Na dawa ya yote hayo, kwa elimu yangu, ilikuwa kibuyu kingine.

Mikono sasa ilitetemeka kutwa. Hata hiyo niliigeuza sifa. Dunguni kwetu mlinzi anafunga kamba za magome kutoka dungu mpaka pembe za shamba, na kwenye kamba anatundika vitu vya kelele. Mimi nilikuwa nimeomba makopo na vipande vya madebe mabovu pale ghalani, nikatundika shamba zima, na kamba zote zikakutana juu. Mtu wa kawaida anazivuta kwa mkono. Mimi nilizifunga kifundo cha mkono wa kushoto, nikashika kitabu kwa mkono wa kulia, na mtetemo wangu ukafanya kazi yenyewe. Makopo yalilia shambani mfululizo kama harusi ya bati. Nilisoma, mkono ukacheza, ndege wakakimbia.

"Dada, mimi sasa ni mashine," nikamwambia alipokuja kunipokea. "Serikali ikinijua itanipeleka Dodoma nikawashe taa."

Safari hiyo alicheka mpaka akashika kiuno. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu uwele ulikuwa umesimama nyuma yake, masuke marefu kama mkono wa mtu mzima, yakianza kuwa ya kijivu. Wiki ile shemeji wa Ihanja alipita, akatembea ndani ya shamba mikono mgongoni, akavunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza.

"Hili linajaza," akasema. Kisha akanigeukia. "Shemeji, unaamia vizuri. Lakini mbona macho yamekuwa kama ya samaki wa ziwa Singidani?"

"Ni elimu," nikajibu.

Alipokwenda, dada alikaa kando yangu chini ya dungu. Alisema kwa Kinyaturu, kama tulivyosema sisi wawili siku zote, taratibu, akiniita mdogo wake.

Alisema zimebaki wiki mbili uwele ukatwe, na ndizo wiki mbaya kuliko zote. Akasema anasikia ninavyogeuka kitandani. Kuna mama mmoja jirani, mtu mzima na hodari, amekwisha vuna lake mapema na yuko tayari kukaa dunguni asubuhi kwa kubadilishana na maziwa, lakini anataka jibu kesho, maana wengine nao wanamtaka.

"Sikulaumu," akasema. "Una mtihani wako. Niambie tu ukweli, unaweza au huwezi? Ukisema huwezi, mimi nitashukuru."

"Naweza."

"Unalala saa ngapi?"

"Nalala ghalani mchana," nikasema. "Tajiri anajua. Nalala vizuri sana juu ya ngozi."

Ulikuwa uongo wa kutosha kuezekea nyumba. Sikuwa nimelala juu ya ngozi hata dakika moja. Sijui kwa nini nilisema vile, au najua: nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nimeushinda usingizi, na ni vigumu kumwambia dada yako kwamba ulichoshinda kimekukalia shingoni. Akaniamini. Yule mama jirani akaenda kulinda shamba la watu wengine.

Mtihani ulifanyika jioni tatu. Nilikunywa kahawa siku hizo mpaka nikaacha kuhesabu, na mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu. Jioni ya mwisho mwalimu aliishika karatasi yangu akaielekeza kwenye karabai, akaigeuza juu chini.

"Umeandikia juu ya lori?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi lori limeandikia juu yako. Lakini majibu yanasomeka. Nenda ukapumzike, bwana."

Sikupumzika. Nilirudi nimefurahi hivi kwamba nilikaa macho kwa furaha peke yake, na alfajiri nikachukua kibuyu, nikapanda dungu. Baridi ya Singida na upepo wake vilikuwa vile vile. Nilifunga kamba kifundoni, nikanywa kibuyu chote, nikangojea moyo uanze mbio zake. Haukuanza. Nakumbuka nilishangaa, nikautikisa mkono ili uteteme, ukanitii mara moja, mbili. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Nikasema nitaegemea nguzo kidogo tu, nisikilize makopo.

Sijapata kulala vile tangu nizaliwe wala baada ya hapo. Haukuwa usingizi, ulikuwa jabali lililoniangukia. Wanasema ndege walikuja kama moshi, wakazunguka mara moja, wakaona kumetulia, wakashuka. Watu waliopita njiani walisikia sauti ya mbawa zao mpaka barabarani. Mimi niliyekuwa juu yao sikusikia.

Kilichoniamsha ni donge la udongo begani. Jua lilikuwa juu, limenichoma uso upande mmoja. Dada alikuwa chini, mtoto mgongoni, akirusha madonge upande huu na upande ule na kupiga kelele ambayo haikuwa na maneno. Ndege wa mwisho waliondoka bila haraka, kama wageni walioshiba.

"Umekufa?" akaniuliza.

"Sijafa, dada."

"Basi shuka."

Nikashuka, kamba zikinivuta mkono na makopo yakilia shambani pote, sasa ambapo hakuna wa kumtisha. Masuke yalikuwa yamesimama vile vile, marefu vile vile. Ukiwa mbali ungesema ni mavuno mema. Ukiligusa moja, ni kijiti chenye manyoya. Dada alitembea mstari mzima akigusa moja moja, kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto. Hakunipiga, hakunitukana. Mwisho wa mstari alisimama, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema:

"Kaka, nenda kazini. Utachelewa."

Alisema kwa Kiswahili. Sikuelewa wakati ule, nilikuwa bado mlevi wa usingizi. Jioni aliniambia chakula kiko tayari, kwa Kiswahili. Kesho yake akaniuliza kama nahitaji maji ya kuoga, kwa Kiswahili safi cha dukani, kile tulichosema na karani, na Mhindi, na wageni. Alikuwa mpole kabisa. Siku zote nilizobaki nyumbani kwake hakunirudishia lugha yetu.

Siku ya tatu nilianguka ghalani nikiwa nimekumbatia debe. Tajiri akanipeleka zahanati kwenye toroli la ngozi. Dresa, yule mganga msaidizi, mtu mnene mwenye miwani, alinisikiliza kifua, akakunja uso, akasikiliza tena.

"Unakunywa nini?"

"Kahawa kidogo."

"Vikombe vingapi?"

"Kama kibuyu kimoja. Asubuhi. Na kingine mchana. Jioni navyo vikombe, kumi, kumi na viwili."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku, bwana dresa."

Akaweka kalamu chini. "Wewe ulitaka kusafiri kwenda wapi?"

Nikamweleza habari za mtihani na elimu yangu juu ya usingizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sijui ni nani aliyemfundisha kusema vile, lakini sijasahau. Alisema kahawa haiufukuzi usingizi, inashikilia mlango tu usiingie. Usingizi unabaki nje umesimama. Kesho unakuja mwingine, unasimama nyuma yake. Siku mkono ulioshika mlango ukichoka, wanaingia wote kwa pamoja, nao hawachagui saa. Akasema kahawa ya jioni bado iko mwilini mtu akienda kitandani, ndiyo maana moyo unapiga na macho hayafungi. Asubuhi mtu anaamka amechoka, anakunywa zaidi kwa sababu ya uchovu ulioletwa na kahawa ya jana.

"Punguza kidogo kidogo," akasema. "Kikombe kimoja asubuhi. Baada ya adhuhuri usiguse. Na ulale kama watu."

"Nikilala vizuri sasa, nitapona?"

"Utapona. Umri wako unapona."

Sikupunguza kidogo kidogo. Kwa hasira niliacha siku ile ile, na kichwa kikaniuma siku nne kama kimefungwa kwa pete ya pipa, nikatapika, nikatamani hata mashapo. Siku ya tano nililala usiku kucha, nikaamka mwepesi, mikono imetulia kama maji ya mtungini. Ningetoa afya ile yote nimpe mtu mwingine, kama ingekuwa inapokewa.

Tulivuna kilichobaki. Tulikianika juu ya jabali, tukakipura, dada akapepeta. Shamba la mtama alilolilinda mwenyewe lilitoa vizuri, lakini lilikuwa dogo. Tulipomimina vyote viwili, kihenge kilifika nusu, labda chini kidogo. Nilimwona akitia mkono ndani na kusawazisha juu, kama kusawazisha kungeongeza.

Shemeji alikuja siku aliyosema atakuja. Dada alimpikia, kama alivyoahidi. Alikula, akanawa, akaenda kutazama. Nilimfuata.

"Shikamoo shemeji. Kosa ni langu," nikamwambia. "Nililala. Yeye hakulala hata siku moja. Mpe mwaka mwingine, nitaamia mimi, sinywi tena kahawa, muulize dresa."

"Marahaba. Najua kosa ni lako," akasema. "Singida nzima inajua. Lakini watoto hawa watakula nini mpaka mwaka huo mwingine? Watakula samli yako?"

Yeye naye hakufurahi, nilimwona. Alikuwa mtu wa haki, na siku ile haki yake haikuwa na mlango wa nyuma. Nilimwambia dada mbele yake kwamba nitaacha shule, nitaleta posho yangu yote, tujilishe hivyo. Dada akasema, kwa Kiswahili kile kile, "Asante, kaka. Tulipatana juu ya kihenge, hatukupatana juu ya posho." Wiki iliyofuata walihama. Ng'ombe mbele, watoto, yeye nyuma na jiwe lake la kusagia kichwani, kwenye kata. Nikaomba nilibebe. Akasema amelizoea.

Cheti nilikipata. Nilifaulu, tena si vibaya, nikapata ukarani huko Kilimatinde, nikapata na kiti chenye mgongo. Nimewachekesha watu kwa miaka mingi kwa habari ya makopo na mtetemo, nikiongeza ndege kila mara, na huwa naishia pale shemeji aliposema macho ya samaki. Sijapata kuendelea mbele ya watu.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda Ihanja. Niliwasalimia wakubwa, nikaketi na shemeji. Dada alitoka jikoni akanisalimu, amepungua, lakini watoto wamenenepa. Nilimletea kitambaa na sukari. Akapokea kwa mikono miwili, akampelekea mke mkubwa, kwa kuwa vitu vilivyoingia pale vilipita kwake kwanza. Kisha nikamsikia nyuma ya ukuta akimwambia mke mkubwa kwa sauti ya chini, "Dada, mdogo wangu amekuja. Naomba unga nimpikie." Halafu mke mkubwa akasema chukua, lakini usijaze kipimo.

Dada yangu, ambaye nyumbani kwake alinipakulia bila kutazama kipimo, akaniletea ugali mdogo na mboga, akapiga goti kidogo kuuweka. Nikanawa. Shemeji alikuwa akiniuliza habari za Kilimatinde na mimi nikamjibu kwa utani, akacheka. Nilikula wote. Alipokuja kuchukua sahani aliniuliza kama nimeshiba.

"Nimeshiba sana, dada," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaondoa vyombo, akaenda kuviosha na vya wenzake.